Kuku wa Kuomba Radhi

Khayega,
20 Oktoba 2024

Mama Cindy,

Barua hii ikukute wewe, Willis na mjukuu wangu mkiwa wazima. Huku tupo. Goti la mama yenu Ayuma limepoa, ila bado anachechemea akiona kuna maji ya kuteka. Ng'ombe mweupe amezaa, dume tena. Nimemuuliza nilimkosea nini, hajajibu.

Willis ananicheka kwamba Kenya nzima nimebaki peke yangu ninayeandika barua. Mwache acheke. Simu ya hapa ikilia inawekwa spika, na mazungumzo yanasikilizwa na nyumba yote pamoja na jirani aliyepita kuomba chumvi. Halafu wewe ni mkazamwana wangu. Willis aliniambia kwenu Kisii kuna chinsoni, ile haya inayomzuia baba mkwe na mke wa mwanawe kuketi karibu na kuongea ovyo. Sisi Waisukha tunayo yetu pia, hata kama hatuishiki kwa nguvu kama ninyi. Sauti yako ikiniingia sikioni sijui nitazame wapi. Kwenye karatasi naweza kukuuliza jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi iliyopita meneja wa kiwanda, Bwana Wanzala, alikuja kwenye mkutano wetu wa wakulima wa miwa kutusomea matokeo ya mwaka ya Lusiola Viwanda. Alileta bango kubwa akalitundika ukutani. Kampuni ina vitengo vinne, na kila kimoja kiliandikwa mauzo yake na faida yake. Sukari imeuza bilioni nne na zaidi, kuliko vile vitatu vingine vikiwekwa pamoja, na bado imepata hasara ya milioni mia mbili na kumi na mbili. Spiriti imeuza bilioni moja na kitu tu, faida milioni mia tatu themanini na nane. Chakula cha mifugo kina faida. Hata mifuko, Mama Cindy, mifuko ya kushonwa, ina faida!

Sukari iliandikwa kwa wino mwekundu. Meneja hakututukana. Alisema kwa upole kwamba ni nyumba yenye ndugu wanne, watatu wanaleta na mmoja anakula. Watu wote wakanigeukia mimi mwenyekiti, nami nikaanza kusafisha miwani ambayo haikuwa chafu.

Mkataba wetu unasema kitengo cha sukari kikipata faida mkulima anaongezwa kitu juu ya kila tani. Tumeikosa nyongeza, na hilo naweza kulivumilia. Linaloniuma ni kuitwa mzigo. Sisi tunaamka alfajiri, tunapalilia, tunangoja trekta ya kampuni mpaka miwa inakauka shambani, halafu tunaambiwa tunalishwa na mifuko.

Wewe ni mhasibu wa ofisi kuu ya kampuni hiyo hiyo. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ni kweli?

Babako,
Erastus Shikanga


Nairobi,
11 Novemba 2024

Baba,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama. Barua ilifika salama pamoja na saga na mrenda, na tulikula siku mbili bila kununua mboga. Ndama dume naye ni baraka, mwambie ng'ombe asijali maneno yako.

Cindy ameng'oka jino la mbele. Ameliweka kwenye bahasha hii ulitupe juu ya paa la huko, kwa sababu anasema hapa kwenye ghorofa halitafika. Willis bado anatafuta kazi. Ile kampuni ya usafirishaji iliwalipa nusu ikafunga, kwa hiyo mshahara wa nyumba hii kwa sasa ni mmoja, huu wangu. Hatulalamiki.

Kuhusu uliloniuliza, zile takwimu ni sahihi kwa namna zilivyopangwa, na zimekaguliwa. Hesabu za kampuni yenye vitengo vingi zina mambo mengi na si rahisi kuyaeleza kwenye barua. Bei ya sukari nayo haikuwa nzuri mwaka huu. Usiyaweke moyoni, Baba. Matokeo ya mwaka ni matokeo ya mwaka tu, mwakani kunakuwa na mengine.

Kofia ni ya Mama, dawa ya kuchua ni ya goti.

Mkazamwana wako,
Mama Cindy


Khayega,
8 Desemba 2024

Mama Cindy,

Jino limetupwa, limetua vizuri upande wa jikoni. Mwambie Cindy jipya liko njiani. Kofia ya mama yako imekuwa ya kanisani. Aliivaa wiki mbili mfululizo na akachagua kukaa kiti cha mbele.

Nakushukuru kwa kunijibu waziwazi. Uliposema takwimu ni sahihi na zimekaguliwa, moyo wangu ulitulia kwa namna fulani, kwa maana nilijua sasa la kufanya. Kama tumekosa, tumekosa.

Kwetu mtu wa nyumba yako akiharibu kwa wakwe, hamkai kimya mkingoja wasahau. Wazee wanashika ingokho, wanakwenda, wanasema tumekuja kuomba radhi, na wenyewe wakimpokea kuku yule jambo limekwisha. Niliwaambia wakulima kwamba kampuni na sisi ni kama tumeoana, na sisi ndio tuliomtia mwenzetu hasara. Wengine waliguna, lakini wengi walikubali. Tukaenda kumi na mmoja, tumevaa makoti. Kila mtu na kuku wake, na kondoo mmoja tuliyemnunua kwa mchango. Mimi nilimchukua yule jogoo mkubwa mwekundu. Langoni walinzi walitupekua, wakatuuliza tumeleta kuku wa kuuza, tukasema hapana.

Bwana Wanzala alitoka nje mwenyewe. Alishangaa kidogo, kisha akatushika mikono. Tulipigwa picha. Halafu akasema kama kweli tuna nia njema, kuna njia ya kuisaidia kampuni isimame, na akatuletea karatasi ya kukubali bei ya miwa yetu ipunguzwe shilingi mia tatu kwa kila tani msimu huu wote. Nilitia sahihi wa kwanza ili wengine waone.

Philemon Osiako peke yake alikataa. Huyu ni jirani yetu wa bondeni, mwenye kauli kali. Alisema, "Mwenyekiti, mimi nalimanga miwa, silimi hasara. Hiyo hasara waende waulize aliyeipanda." Mbele ya watu wote nikamwambia hana haya. Alichukua kuku wake akarudi nyumbani.

Nikuambie ukweli, nilikuwa nakufikiria wewe pia. Nilisema moyoni, mtoto huyu anaketi meza moja na wale wa spiriti na wale wa mifuko, na kila wakifungua hesabu wanaona watu wa nyumbani kwake ndio wenye wino mwekundu. Sasa angalau watajua kwamba ni watu wenye adabu.

Krismasi tunawangoja. Kuku wamebaki wa kutosha, usiogope.

Babako,
Erastus


Nairobi,
19 Januari 2025

Baba,

Poleni kwa kutungoja. Tulikuwa tumefunga mizigo, lakini kazi ofisini ilikuwa nyingi mwisho wa mwaka na sikupata ruhusa. Willis alitaka kuja na Cindy peke yao, mimi ndiye niliyewazuia, kwa hiyo usimlaumu. Cindy alilia. Jino la pili liling'oka pia, na yote mawili yameota kwa pamoja.

Nimemtumia Mama blanketi. Ni zito, linafaa kwa Julai.

Nimeisoma barua yako ya Desemba. Natumaini mvua za vuli ziliwafaa na miwa imesimama vizuri.

Mkazamwana wako,
Mama Cindy


Khayega,
24 Februari 2025

Mama Cindy,

Blanketi limefika. Ayuma hakungoja Julai, analilalia sasa hivi na jua hili lote.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake. Uliniuliza mvua. Hukusema neno kuhusu kuku. Nilidhani utafurahi, au utanikemea, au utacheka, chochote. Nikamuuliza Ayuma kama nimekukosea heshima kwa kukutaja kwenye jambo lile. Aliniambia labda una mimba na hutaki kusema. Kama ni hilo, nisamehe, sikuuliza.

Kalenda ya kampuni ya mwaka huu imefika, na sisi tumo. Mwezi wa Aprili ni wetu. Mimi niko katikati na jogoo. Maduka yote ya sokoni yameitundika. Mwanzoni nilipita pale mara nyingi bila sababu, nikinunua kiberiti. Kisha nikasogea nikasoma maneno yaliyo chini ya picha: "Wakulima wetu waishukuru Lusiola kwa mwaka wa mafanikio." Mama Cindy, sisi hatukwenda kushukuru. Tulikwenda kuomba radhi kwa hasara. Tangu hapo napita njia ya nyuma.

Ile mia tatu imeanza kuuma. Msimu huu wakulima wengi wakishakatwa mbolea na usafiri hawabaki na kitu. Mjane Namalwa, ambaye alinifuata kwenda kiwandani kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda, amemrudisha msichana wake kutoka shule ya bweni. Hakunilaumu. Alinisalimia vizuri kabisa, nami nikashindwa kula siku hiyo. Osiako anang'oa miwa, anapanda mahindi. Wengine wanasema wahamie kiwanda cha Butali. Na mimi nimeshikilia neno langu kwamba tulikosa na ni lazima tulipe.

Sasa kampuni inataka mkataba mpya wa miaka mitatu kwa bei hii hii iliyopunguzwa. Watakuja Jumamosi ya tarehe 26 Aprili, na tumeambiwa atatumwa mtu wa ofisi kuu kutueleza hesabu za vitengo, ili tuone kwamba sukari bado inavuta wenzake nyuma. Watu watatia sahihi nikiwaambia watie. Nikiwaambia wasitie hawatatia. Ndiyo maana silali.

Unamjua huyo atakayetumwa? Ni mtu wa kuaminika?

Babako,
Erastus


Nairobi,
23 Machi 2025

Baba,

Sina mimba. Cindy na Willis ni wazima. Nimeanza barua hii mara kadhaa nikitafuta habari nyingine za nyumbani za kutanguliza, na nimeona kwamba ninazitafuta ili nisifike kwenye jambo lenyewe.

Takwimu si za kweli kwa maana uliyoniuliza wewe.

Miwa yenu ikisagwa inatoa sukari, na inatoa molasi, ule uji mweusi mtamu. Spiriti hutengenezwa kwa molasi, na chakula cha mifugo huchanganywa nayo kidogo tu. Kwa hiyo kitengo cha sukari kinawauzia wenzake. Bei ya kuuziana haipangwi sokoni, inapangwa hapa kwenye ghorofa yetu. Tumeandika shilingi elfu tatu kwa tani. Viwanda vingine vinauza tani kama hiyo elfu kumi na tano. Kadhalika boila: inapikia mvuke kiwanda kizima, lakini gharama yake yote imewekwa kwa sukari. Ukiiacha hata boila ukarekebisha bei ya molasi peke yake, hasara yenu inafutika na kunabaki faida ya karibu milioni mia moja na hamsini. Spiriti inabaki na ishirini na kitu. Ile faida waliyowaonyesha kwenye bango ilikuwa yenu.

Imepangwa hivyo kwa sababu ya mkataba. Sukari ikipata faida mnalipwa nyongeza. Spiriti ikipata faida hakuna mkulima wa kulipwa. Mkubwa wangu ndiye aliyetaja bei. Mimi ndiye ninayeiingiza kwenye hesabu kila mwezi, na mwaka jana nilipandishwa cheo. Ulipoandika "ni kweli?" nilikuwa na jibu kabla sijafika kwenye sahihi yako. Nikakuandikia kwamba zimekaguliwa. Ukalichukua neno langu ukaenda nalo kiwandani na jogoo.

Sijamaliza. Mwezi wa Desemba tulikaa kuchagua picha za kalenda. Wakaifungua picha yenu ukutani, kubwa. Ulikuwa umeshika jogoo kwa mikono miwili, umevaa koti la harusi yetu. Bwana mmoja wa spiriti akasema, "Tumewanyonya na bado wametuletea mboga." Watu wakacheka, Baba. Nami nikacheka. Jepkoech tunayeketi naye akaniuliza kama nawajua hao, maana nimeolewa upande huo. Nikasema siwajui.

Ndiyo sababu hatukuja Krismasi. Hakukuwa na kazi, ofisi ilifungwa. Niliogopa kukuona ukichinja kuku mwingine kwa ajili yangu.

Mtu wa kuaminika atakayetumwa tarehe 26 ni mimi. Waliliona jina lako kwenye orodha ya wenyeviti, wakaliona na la mume wangu kwenye faili langu, na mkubwa wangu akafurahi sana. Alisema, "Wewe watakusikiliza." Nikikataa watajua kwa nini. Nikisema ukweli nimepoteza kazi siku hiyo hiyo, na mshahara wa nyumba hii bado ni mmoja. Willis hajui lolote. Nimeona aibu kumwambia kabla yako.

Kemunto


Khayega,
13 Aprili 2025

Mama Cindy,

Umengoja barua hii na mimi nimekuchelewesha. Si posta.

Yako niliisoma kwenye zizi la ng'ombe, nimesimama. Nilirudia pale pa molasi mpaka nikaelewa. Pale pa kucheka nilisoma mara moja tu, sikurudia. Kwa siku nyingi nilikuwa na hasira na wewe, hasira mbaya, hata Cindy alipopiga simu nikasema niko shambani. Nakuandikia hili kwa sababu wewe umeniandikia lako.

Wiki jana niliita kamati. Niliwaambia nilikosea kuwapeleka na kuku, kwamba hatukuwa na deni lolote la radhi, na kwamba mkataba mpya usiguswe kabla kampuni haijatueleza inaiuza molasi yetu bei gani. Wakaniuliza nimejulia wapi. Nikavua miwani nikaisafisha. Wakauliza tena. Nikasema nimejua tu.

Osiako akasimama akasema, "Mzee, juzi ulituambianga tuombe msamaha, leo unatuambia tusiombe. Sisi tushike gani?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na haki. Watu walipiga kura, wakaniondoa kwenye uenyekiti, wakamweka yeye. Sasa wengi wanasema mzee amechanganyikiwa na aibu ya kalenda, na wako tayari kutia sahihi ili mambo yaishe.

Nilimwambia mtu yule hana haya, na katika sisi wote ni yeye peke yake ambaye hakuwa na cha kuonea haya. Namalwa nimemwendea. Nilifika mpaka uani kwake nikaulizia jembe nisilolihitaji, nikarudi nalo nyumbani.

Sikukutaja. Usifikiri ni kwa sababu sina uchungu. Wewe ni mke wa mwanangu, na nikilitoa jina lako kwenye mkutano sina njia ya kulirudisha. Sikuombi kitu. Najua mshahara ni mmoja, na najua mtoto anakula kila siku. Mama yako ananiuliza kwa nini nimekonda, namwambia ni jua.

Erastus


Nairobi,
19 Aprili 2025

Baba,

Sijui niseme nini kuhusu kura. Nimelia chooni kazini, maji yakiwa yamefunguliwa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, na hiyo si yako peke yako. Nimeiandika hivi:

"Kwa wakulima wote wa miwa wa Khayega. Mimi ni Kemunto, mhasibu wa Lusiola Viwanda. Mwaka jana mliambiwa kitengo cha sukari kilipata hasara. Hakikupata. Kilipata faida, na faida hiyo iliandikwa kwenye kitengo cha spiriti kwa kupunguza bei ya molasi yenu. Mimi ndiye niliyeiandika. Hamkuwa mzigo wa mtu. Kabla ya kutia sahihi mkataba wowote, daini bei ya molasi ya miaka mitatu iliyopita, na daini nyongeza yenu. Mzee Erastus Shikanga hakuwadanganya. Aliniamini mimi."

Jumamosi nitawaambia kazini kwamba naumwa. Watamtuma mwingine. Akimaliza kusoma ya kampuni, simama uwasomee hii. Najua kazi yangu itakwisha, nimekwisha kulikubali hilo. Ila kusimama mbele ya Namalwa, mbele ya wale kumi walioandamana nawe na kuku, siwezi, Baba. Naomba unisaidie hilo moja.

Kemunto


Khayega,
22 Aprili 2025

Mama Cindy,

Karatasi yako nakurudishia humu ndani. Usione nimekufukuza.

Kwanza, nikiisoma mimi watasema mzee ameiandika mwenyewe ili arudishiwe kiti. Lakini hata wangeniamini, nisingeisoma. Tulipokwenda kuomba radhi kwa kosa ambalo hatukulifanya, kila mtu alikwenda na miguu yake. Mimi nilimbeba jogoo mwenyewe, nikapekuliwa langoni mwenyewe. Sikutuma mtu. Sasa wewe mwenye kosa la kweli unataka kutuma mzee.

Uamuzi ni wako na sitakulazimisha. Ukija na bango la kampuni ukalisoma lilivyo, nitaketi nyuma kabisa na sitafungua mdomo, na jioni utakula kwangu kama mke wa mwanangu, na Ayuma hatajua lolote. Ila mimi nitajua. Ukisema unaumwa, nitasema mkazamwana wangu anaumwa. Hilo pia naweza.

Mkutano ni saa nne. Nimemwomba Osiako asianze mapema.

Erastus


Nairobi,
24 Aprili 2025

Baba,

Hii pia naituma na basi la leo usiku ikutangulie.

Nimemwambia Willis. Aliniuliza kama ile picha ya jogoo ninayo. Nikamwonyesha kwenye simu. Alikutazama, akaniachia simu mkononi, akaenda kulala na Cindy. Asubuhi alinichemshia chai. Sijui tutaishi vipi mwezi ujao, na sijui ataniangaliaje. Hayo nitayajua nikirudi.

Nakuja. Bango nimelichapisha upya, lina vitengo vyote vinne, na molasi nimeiandika kwa bei yake. Kampuni imeniandalia gari kutoka Kakamega mjini mpaka kwenye mkutano. Sitalipanda. Nitakwenda kwanza kwa Namalwa, nyumbani kwake, kabla ya saa nne, nimweleze yeye peke yake. Kisha nitatembea kwa miguu kupitia katikati ya soko, polepole, nimebeba bango langu mwenyewe, ili anayetaka kunitukana anitukane njiani, na nikifika pale mbele niwe nimebakiwa na la kusema tu.

Kemunto